Neno Adimu: Kalenda ya Mwingereza na Ng'ombe wa Mnyarwanda

Neno moja kwa siku ni maneno 365 kwa mwaka. Ukianza leo, usiruke siku hata moja wala usisahau neno hata moja, baada ya miaka kumi utakuwa na maneno 3,650 na ushei. Paul Nation, mtaalamu wa msamiati wa Chuo Kikuu cha Victoria kule Wellington, New Zealand, alikadiria mwaka 2006 kwamba anayetaka kusoma riwaya au gazeti la Kiingereza bila kuomba msaada anahitaji familia za maneno kati ya 8,000 na 9,000. Familia moja ni neno pamoja na wanawe, kama sisi tulivyo na soma, somo, msomaji na usomaji. Kwa mwendo wa neno moja kwa siku, safari hiyo inapita miaka ishirini. Na hapo tumechukulia kwamba neno la kila siku ni neno linalotumika. Likiwa neno la ajabu, lile ambalo hata Mwingereza mwenyewe hulikuta mara moja katika miaka mitano, safari haina mwisho.

Hata hivyo ushauri wa kuokota neno moja geni la Kiingereza kila kukicha hupewa kila kijana wa Afrika Mashariki anayetafuta kazi au ufadhili wa masomo, na Gisozi ina sababu zake za kuusikiliza. Gisozi ni mlima wa Wilaya ya Gasabo jijini Kigali, Rwanda, unaotazamana na Kacyiru ng'ambo ya bonde la Kinamba. Hapo pana ULK, Chuo Kikuu Huru cha Kigali, kilichoanzishwa mwaka 1996. Hapo pana Agakiriro, soko la maseremala, mbao, vyuma na samani. Hapo pana Makumbusho ya Mauaji ya Kimbari. Mwanafunzi, muuza makochi na anayewapokea wageni makumbushoni wote wanakihitaji Kiingereza, na kimewafikia kwa amri ya juzi juzi tu. Oktoba 2008 baraza la mawaziri la Rwanda liliamua kwamba Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia, na mwalimu aliyesomea hisabati kwa Kifaransa akatakiwa aifundishe kwa lugha ambayo naye alikuwa akijifunza. Nchi ilikuwa imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007; Novemba 2009 ikaingia Jumuiya ya Madola. Penye haraka kama hiyo, njia za mkato huota zenyewe.

Kabla ya kuihukumu njia hii ya mkato, inafaa tuone neno adimu lina cheo gani kwa watu mbalimbali. Sijasikia taifa lisilolipenda. Tofauti iko katika anayelishika, anayelisikiliza, na wapi linapatikana.

Waingereza waliliweka kitabuni mapema. Mwaka 1604 mwalimu wa shule aliyeitwa Robert Cawdrey alichapisha Table Alphabeticall, inayohesabiwa kuwa kamusi ya kwanza ya Kiingereza kwa Kiingereza. Ilikuwa na maneno kama 2,500, na ilichagua magumu tu. Cawdrey aliwataja waziwazi wasomaji aliowakusudia: wanawake, na watu wasio na elimu kubwa, waliokuwa wakiyasikia maneno hayo katika mahubiri na Maandiko bila kuyaelewa. Hebu fikiri, mtu ananunua kitabu ili aielewe lugha ya mama yake! Chanzo chake ni historia. Tangu Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066, Kiingereza kimekuwa nyumba ya ghorofa: chini wanakaa maneno ya kale ya asili ya Kijerumani, ya shamba, jikoni na kitandani, juu wanakaa Kifaransa, Kilatini na Kigiriki, na ngazi ya kupandia ni shule. Si kwamba wote waliifurahia ngazi hiyo. Mwaka 1553 Thomas Wilson, katika kitabu chake cha balagha, alitunga barua nzima ya kuwachekesha watu kwa maneno ya Kilatini yaliyotoka moja kwa moja kwenye kidau cha wino. Watu walicheka, kisha wakaendelea kuyatumia.

Kwa hiyo neno adimu la Kiingereza linanuka shule. Anayelijua anatangaza kwamba alisoma, na asiyelijua anaogopa kuonekana hakusoma. Wilfred Funk, mtoto wa nyumba ya wachapishaji wa kamusi wa Marekani, aliijua hofu hiyo vizuri. Mwaka 1945 alianzisha katika jarida la Reader's Digest safu ya kujipima msamiati, na kichwa cha safu kilimwahidi msomaji kwamba kuongeza nguvu za maneno kunalipa. Hakusema kunaburudisha. Kalenda za mezani zenye neno moja kwa kila tarehe ni wajukuu wa ahadi hiyo. Zinapenda maneno kama "petrichor", lililoundwa mwaka 1964 na wanasayansi wawili wa Australia, Isabel Bear na Richard Thomas, kuitaja harufu inayopanda pale mvua inapoigusa ardhi kavu. Mtu wa Gisozi anaipata harufu hiyo mlangoni pake kila masika yanapoanza. Akilitamka neno hilo kwenye usaili wa kazi, huenda yeye na wanaomsaili wakatazamana tu.

Wafaransa nitawapita haraka, ingawa wazee wengi wa Kigali wamelelewa na mila yao. Kwao mtihani wa heshima ulikuwa imla. Mwaka 1857 mwandishi Prosper Mérimée aliwasomea watu wa kasri imla aliyoitunga mwenyewe. Mfalme Napoleon wa Tatu akakosea mara 75, na mgeni kutoka Austria, Metternich, akakosea mara tatu tu. Ni mchezo wa kuona nani ataaibika, na dawa yake ni daftari. Mnyarwanda aliyetoka imla ya Kifaransa akaingia kwenye kalenda ya Kiingereza hakubadilisha sana tabia, alibadilisha bwana.

Tukirudi kwenye milima ya Rwanda yenyewe mambo yanageuka kabisa. Katika Kinyarwanda neno adimu halikutoka shuleni. Lilitoka kwa ng'ombe, vitani na kwa mfalme. Mtu aliyelimiliki angeweza kuwa hajui kusoma wala kuandika.

Chukua amazina y'inka, majigambo ya ng'ombe. Mtunzi wake huitwa umwisi, na kazi yake ni kumsifu ng'ombe mmoja mmoja, hasa wale inyambo wenye pembe ndefu, kwa lugha ile ile wanayosifiwa mashujaa wa vita. Humo ng'ombe ana nasaba, ana ushindi, ana adui aliyeshindwa. Maneno yake hayasikiki sokoni. Ila mila hii haikufa na ufalme. Siku ya gusaba, familia ya kijana inapokwenda kuomba mke, mpaka leo jijini Kigali anasimama mtu aliyevaa kichungaji, fimbo mkononi, anawasifu ng'ombe wa mahari kwa kasi inayowaacha wajukuu midomo wazi. Vijana wengi hawaelewi nusu ya anayoyasema. Wanashangilia hata hivyo, kisha wanamgeukia bibi na kuuliza. Hilo swali la pembeni ndilo darasa. Neno limefika likiwa na ng'ombe, na bibi harusi, na kicheko, na bibi wa kulifafanua. Ukilisahau kesho, ipo harusi nyingine Jumamosi.

Juu zaidi palikuwa na ibisigo, mashairi ya wafalme. Masimulizi yanamtaja Nyirarumaga, mama mfalme wa zama za Ruganzu Ndori, kuwa ndiye aliyeyaanzisha. Padri Alexis Kagame, aliyezaliwa 1912 na kufariki 1981, aliyakusanya kutoka vinywani mwa walioyahifadhi na mwaka 1951 akatoa utafiti wake juu ya mashairi haya. Alionyesha kwamba watunzi walikuwa na njia maalumu za kufunika maana: kuweka kisawe mahali pa jina, au neno linalofanana nalo kwa sauti tu, au kitu kilicho jirani na kile kinachokusudiwa. Jina la mtu lingeweza kufichwa nyuma ya tendo, tendo nyuma ya jina la kilima, na kilima nyuma ya mnyama. Ugumu ulikusudiwa. Lakini hakuna mtunzi aliyefumba kwa ajili ya ukuta. Alifumba kwa ajili ya watu wa kasri waliokuwa na uwezo wa kufumbua, nao walimpima kwa hilo. Adabu yenyewe ya kasri ilidai msamiati wake: mfalme wa Rwanda hakusemwa kuwa amekufa, kulikuwa na kitenzi cha peke yake, gutanga.

Watoto walikuwa na ngazi yao. Jioni mmoja anasema "Sakwe sakwe!" na wenzake wanajibu "Soma!" Msomaji wa Kiswahili ameshatambua: ni kitendawili na tega. Asiyejua anashindwa mbele ya watu, kwetu anatoa mji, na anapewa jibu papo hapo. Hapa neno geni haliwezi kupita bila mtu kuliitikia. Kalenda ya mezani haisemi "Soma!" na haimsubiri mtu aseme.

Waarabu, ambao pwani yetu imekopa mengi kwao, waliupeleka mchezo huu mbali kuliko wote. Wana elimu nzima ya maneno mageni, iliyoanzia kwenye kuyafafanua maneno yasiyozoeleka ya Kurani na Hadithi, na ina vitabu vyake tangu karne za mwanzo za Uislamu. Kuna kisa wanachokipenda sana. Mshairi kipofu Abu'l-Ala al-Maarri aliingia katika baraza la mkubwa mmoja mjini Baghdad, akajikwaa kwa mtu aliyekuwa amekaa. Yule mtu akauliza huyu mbwa ni nani. Al-Maarri akamjibu kwamba mbwa ni yule asiyejua majina sabini ya mbwa. Karne kadhaa baadaye Jalal al-Din al-Suyuti, aliyefariki mwaka 1505, alichimbua kamusi akayakusanya majina ya mbwa zaidi ya sitini na kuyatungia shairi, ili aepukane na tusi hilo. Mimi kisa hiki hunichekesha kila mara, kwa sababu mtu msomi hivyo aliona haya mbele ya marehemu. Lakini angalia jinsi jibu lilivyozaliwa: barazani, ana kwa ana, kwa mtu aliyelielewa papo hapo na kuumia.

Waswahili tuko katikati, na ndiyo maana tunaweza kuwacheka pande zote mbili. Tuna maneno adimu ya kazi, ambayo mtoto wa Pemba huyapata kwa kutumwa: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Hakuna aliyemwandikia ubaoni. Nahodha anajua joshi na demani, foromali na mkuku, na profesa akitaka kuyajua hana budi kupanda chombo au kufungua kamusi. Tuna maneno adimu ya malenga, yale ya Kiamu na Kimvita yanayowatesa wanafunzi wa bara. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mnamo 1840, aliyatupa kama mawe kwa wapinzani wake nao wakayarudisha. Halafu tuna maneno adimu ya mtihani. Huko Kenya, kwa muda wote wa mtihani wa darasa la nane uliofanywa kuanzia 1985 hadi 2023, watoto walikariri misemo, tashbihi na methali kwa makundi ili waipambe insha. Jua lilichomoza kwa sentensi zile zile kuanzia Busia hadi Lamu. Ile ilikuwa kalenda ya Mwingereza iliyovalishwa kanzu: neno linajifunzwa kwa ajili ya alama, na anayelisoma ni msahihishaji mmoja aliyechoka, asiyeweza kumjibu mtoto.

Mshairi Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe alichoshwa na jambo la aina hii katika ushairi. Alipotoa diwani yake ya Kichomi mwaka 1974 alitetea lugha ya kawaida, ile ya mazungumzo ya kila siku, na wanamapokeo wakamshukia. Kwa maoni yangu pande zote mbili zilikuwa na hoja nzuri. Msamiati wa malenga ulikuwa hai palipokuwa na malumbano, na ulikuwa mzigo pale kijana wa Ukerewe alipotakiwa kuuiga bila ya kuwa na Mombasa yake.

Afrika Magharibi wana burudani yao. Patrick Obahiagbon, aliyekuwa mbunge katika Baraza la Wawakilishi la Nigeria kati ya 2007 na 2011, alijijengea jina kwa Kiingereza kinachohitaji kamusi mbili. Wanigeria walimsubiri kama wanavyomsubiri mchekeshaji. Watu hawakumwelewa, na hawakuwa na haja ya kumwelewa. Kiingereza cha namna hiyo ni ngoma, na ngoma ina wachezaji wake; tatizo ni kijana anayedhani ndicho Kiingereza cha ofisini.

Sasa niingie kwenye kumbukumbu, kwani hapo ndipo kalenda inapojifunga yenyewe. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyechapisha utafiti wake wa kumbukumbu mwaka 1885, alijipima mwenyewe kwa silabi kama 2,300 alizozitunga makusudi zisiwe na maana yoyote. Aliona kwamba sehemu kubwa ya alichokariri ilipotea ndani ya saa na siku za mwanzo, na kwamba marudio yaliyoachana kwa nafasi yanashinda marudio ya mfululizo. Alichagua silabi tupu kwa sababu alitaka kitu kisichoshikamana na chochote akilini. Sasa mpe kijana wa Gisozi neno la Kiingereza ambalo hajalisikia, hatalisikia tena, halimo katika kitabu anachosoma wala katika kazi anayoifanya. Umempa silabi ya Ebbinghaus.

Linganisha na fundi wa Agakiriro. Huyo ana umusumari, ana ameza, ana igitanda, ana idirishya, ana akabati. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kutafsiriwa. Maneno hayo yaliingia Kinyarwanda pamoja na vitu vyenyewe, kwa biashara, kwa misafara na kwa vituo vya Wajerumani, na hakuna aliyeyajifunza moja kwa siku. Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Misumari ilikuwa imeshakwisha kupigiliwa muda mrefu.

Kuna neno moja geni la Kiingereza ambalo Gisozi nzima inalijua. Raphael Lemkin, mwanasheria Myahudi kutoka Poland, aliliunda na kulichapisha mwaka 1944 kwa kuunga Kigiriki na Kilatini, kwa sababu sheria haikuwa na jina la uhalifu alioutaka uadhibiwe. Tarehe 9 Desemba 1948 Umoja wa Mataifa ukaliweka katika mkataba. Tarehe 2 Septemba 1998, mjini Arusha, mahakama ya kimataifa ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, na hiyo ikawa hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kwa kosa hilo. Kinyarwanda kinasema jenoside, Kiswahili kinasema mauaji ya kimbari. Makumbusho ya Gisozi yalifunguliwa Aprili 2004, na wamezikwa hapo watu zaidi ya 250,000. Maelezo ya ukutani yako kwa Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza, na Kiingereza chake ni chepesi. Aliyeandika maelezo yale hakuhitaji kupamba. Mtu anayewaongoza wageni mahali kama hapo anahitaji maneno ya kawaida ayajue kwa uhakika, aweze kuyasema bila kubabaika mbele ya mgeni anayelia.

Ndiyo maana naona ushauri wa neno la ajabu kila siku umegeuza mambo juu chini kwa anayeanza. Mwaka 1953 Michael West, aliyewahi kufundisha Kiingereza kule Bengal, alichapisha orodha ya maneno kama 2,000 yanayotumika zaidi. Hesabu za Nation zinaonyesha kwamba familia 1,000 za kwanza peke yake hufunika karibu asilimia 80 ya maandishi ya kawaida. Mwenye hizo anaweza kuuza kochi, kuandika barua ya kazi na kumwelewa mwalimu. Asiye nazo, hata akiwa na "petrichor" mia tatu, atakwama kwenye bei. Elfu za baadaye hazipatikani kwa kuokota moja moja. Zinapatikana kwa kusoma kwingi, ambamo neno hurudi lenyewe mara ya tatu na ya kumi likiwa na wenzake. Maktaba ya Umma ya Kigali ipo Kacyiru, ng'ambo tu ya bonde, na imefunguliwa tangu 2012.

Anayependa maneno adimu kwa utamu wake, na mimi ni mmoja wao, asizuiwe. Ila alitoe neno lake katika ukurasa alioufungua mwenyewe au kinywani mwa mtu aliyemsikia, na siku hiyo hiyo alipeleke kwa mtu atakayemjibu. Kijana wa Gisozi anayeishi na babu aliyewahi kuchunga ana bahati zaidi: akae naye, amwulize majina ya rangi za ng'ombe na ya pembe, amlipe kwa neno la Kiingereza alilolisoma jana, wabishane. Kalenda ya maneno ya ajabu mnunulie rafiki yako ambaye Kiingereza anakijua tayari.